Je, Cherehani ya Mke Wako ni Yako?



Katika mafundisho ya ndoa ninayosaidia kigangoni kwetu, kuna swali moja ambalo wachumba hulijibu haraka kuliko yote. Ukiwauliza, "Mkishafunga ndoa, mali itakuwa ya nani?" hujibu kwa sauti moja, "Itakuwa yetu!" Mimi pia nilijibu hivyo zamu yangu ilipofika. Baadaye nilikuja kutambua kwamba neno "yetu" ni jepesi kulitamka na zito kuliishi. Aliyenifundisha hakuwa padre wala kitabu. Ilikuwa cherehani.

Leo naomba tulitafakari swali hili pamoja: ikiwa nia ni njema, na haja ni ya familia nzima, je, mume au mke ana haki ya kuchukua kitu cha mwenzake bila kumwuliza? Usijibu haraka. Nitakueleza kwanza kosa langu mwenyewe. Mke wangu amesoma barua hii kabla yako, na ameniruhusu niitume.

CHEREHANI YENYEWE

Tulipooana, mke wangu alikuja na vitu vitatu: sanduku la nguo, godoro, na cherehani ya mkono aliyopewa na mama yake. Ilikuwa Singer nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu ubavuni, na kifuniko cha mbao kilichopinda kama mgongo wa kobe, kinachofungwa kwa ufunguo. Mama mkwe alijifunza kushona kwa masista wa misheni akiwa msichana, na cherehani hiyo aliinunua kwa pesa za mayai. Siku alipomkabidhi binti yake alimwambia, "Mume atakulisha, na hii itakusitiri."

Kampuni ya Singer ilianza huko Marekani mwaka 1851, lakini cherehani nyingi zilizofika kwetu enzi za Mwingereza zilitoka Uskoti, katika mji wa Clydebank. Kiwanda chake kikubwa kilijengwa miaka ya 1880 na kikafungwa mwaka 1980. Ukiona cherehani imeandikwa 99K, hiyo K ni ya Kilbowie, mahali kiwanda kilipokuwa. Ni chuma kizito kisichohitaji umeme. Mkono wa kulia unazungusha mpini, wa kushoto unaongoza kitambaa. Ukiitia mafuta, na kuondoa vumbi la nyuzi linalojikusanya chini ya yale meno yanayovuta kitambaa, inaweza kumshonea mama, kisha binti, kisha mjukuu.

Pamoja na cherehani zilikuja pateni, yaani zile karatasi za kukatia nguo. Nyingine mama mkwe alizikata mwenyewe kwa karatasi ya kaki. Chache zilikuwa za dukani, ndani ya bahasha yenye picha ya msichana aliyevaa rinda lenye kola ya mviringo. Masista walimpa alipomaliza mafunzo.

Huenda hujawahi kujiuliza pateni hizo zilianzaje. Mwaka 1863, huko Massachusetts, Marekani, fundi wa nguo aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuuza pateni za karatasi zilizokatwa kwa vipimo mbalimbali. Inasimuliwa kwamba wazo lilitoka kwa mkewe, Ellen. Alikuwa akimshonea mtoto wao nguo, akachoshwa na kukadiria ukubwa kwa macho, akamwambia mumewe kwamba ingefaa kuwe na karatasi zenye saizi. Yule fundi alimsikiliza mke wake. Kumbuka jambo hilo, maana mimi sikusikiliza.

MEZA MOJA, KAZI NYINGI

Nyumba yetu ilikuwa na meza moja. Jioni watoto walifanyia kazi ya shule upande mmoja, na mama yao akashonea upande wa pili. Ugali ukiiva, cherehani ilishushwa chini, na baada ya chakula ikarudi juu. Kifungua mimba wetu, tena msichana, alijifunza kuhesabu kwa vifungo vilivyokuwa kwenye kopo la maziwa. Mtoto aliyekuwa akililia meno alinyamazishwa kwa kuzungushiwa mpini bila uzi.

Mke wangu alishona viraka, mapazia, sketi za shule na nguo za Komunyo ya Kwanza. Mitumba ilipojaa sokoni kuanzia miaka ya tisini, mafundi wengi walikosa wateja wa nguo mpya, lakini yeye aliipokea hiyo mitumba na kuipunguza iwatoshe watu. Pesa zake zilikuwa hamsini hapa, mia mbili pale. Mimi niliziona kama pesa za chumvi na sabuni. Moyoni nilikuwa nikisema kwamba mimi ndiye ninayefanya kazi, na mke wangu anashona tu.

Ndugu yangu, neno hilo "tu" ndilo lililoniangusha.

JANUARI YA MWAKA 2017

Binti yetu alifanya vizuri katika mtihani wa darasa la nane, akaitwa Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni. Ninyi wazazi mnajua Januari ilivyo. Mahindi hayakuwa mengi mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimeshakopa chamani. Tulipungukiwa na shilingi elfu nane.

Siku hizo alipita kijijini mnunuzi wa vitu vya zamani, akiwa na pikipiki. Alitafuta redio za mbao, pasi za makaa na cherehani nyeusi za mkono. Alipoiona ya mke wangu kupitia mlangoni alitaja shilingi elfu nane na mia tano. Nilimwambia arudi Jumatano. Jumatano ni siku ya soko, na mke wangu huondoka asubuhi.

Aliporudi jioni alitua kikapu, akaitazama meza.

"Baba watoto, cherehani iko wapi?"

"Nimeiuza. Karo imetimia, mama. Mtoto ataenda shule."

Nilitegemea afurahi, au akasirike kidogo kisha afurahi. Alikaa kwenye kiti akanyamaza. Halafu akauliza, "Umeuza na sketi za watu?"

Sikumwelewa. Aliinama akavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na sketi sita za shule, kitambaa kimeshakatwa na vipande vimefungwa kwa uzi, kila fungu na karatasi yenye jina la mtoto. Wazazi sita walikuwa wameshatanguliza malipo, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata. Ile elfu moja na mia nane ya malipo hayo alikwisha kununulia kitambaa, na alichobakiza alikuwa amenunulia sanduku la bati la binti yetu.

Kesho yake alfajiri nilimtafuta yule mnunuzi. Cherehani ilikuwa imeshaondoka kwa gari kwenda Nairobi. Alisema kuna watu wenye hoteli wanaozipenda kwa mapambo. Kwa hiyo huenda mpaka leo imewekwa juu ya rafu mahali fulani, haishoni chochote, na watu wanakunywa kahawa wakiitazama.

Mke wangu aliazima cherehani ya jirani. Mchana jirani alikuwa akiitumia mwenyewe, hivyo alishona usiku, siku tatu mfululizo, kwa taa ya mafuta. Alimaliza sketi nne. Za watu wawili alirudisha vitambaa pamoja na pesa, ambazo ilibidi azikope. Wote aliwaeleza kwamba cherehani imeharibika. Hakumwambia hata mmoja kwamba imeuzwa na katekista.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo nililofanya. Nilikuwa nimemfanya mwanamke mkweli aseme uongo ili anifiche aibu.

Ndiyo, binti yetu alienda shule. Jambo hilo silifichi, maana ndilo linalolifanya swali letu kuwa gumu. Kama ningeziuzia pombe zile pesa, usingehitaji kusoma ukurasa huu ili ujue nilikosa. Lakini karo ni kitu chema. Je, nilikosa wapi?

VISINGIZIO VYANGU VINNE

Kwa miezi kadhaa nilijitetea moyoni. Naviweka hapa visingizio vyangu, huenda ukakitambua chako.

La kwanza nilisema, "Ni mali yetu, nami ni mmoja wetu." Hili lina sura ya ukweli. Lakini tazama: kitu kikiwa changu, kauli moja inatosha kukiuza. Kikiwa chetu, kauli zinazohitajika ni mbili. Mimi nililitumia neno "chetu" kana kwamba lina maana ya "changu pia, kwa hiyo changu." Nilichukua neno la watu wawili nikalisema kwa kinywa kimoja. Siku ya ndoa padre hakuniuliza mimi peke yangu kama nimekubali. Alimwuliza na mwenzangu, na bila jibu lake pasingekuwa na ndoa. Ridhaa iliyotuunganisha siku ile haikuisha tulipotoka kanisani.

Hata sheria ya nchi inaona hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mali ya ndoa isiuzwe wala kutolewa bila wanandoa wote wawili kukubali, na kwamba kitu alichokipata au kukirithi mtu kabla ya ndoa si sehemu ya mali hiyo. Tena inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, sawa na pesa. Lakini mpendwa, nyumba inayosubiri sheria ndipo iheshimiane imeshachelewa.

La pili nilisema, "Haja ilikuwa ya familia nzima." Ni kweli. Basi kama haja ilikuwa ya familia nzima, kwa nini uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja? Nilimwondolea mke wangu nafasi ya kutoa. Fikiria: huenda angekubali. Angesema, "Nipe siku sita nimalize sketi, kisha uuze." Au angesema, "Tuuze mbuzi wawili, cherehani inazaa zaidi ya mbuzi." Kama angeitoa mwenyewe, ingekuwa sadaka yake kwa mtoto wake. Kwa kuichukua, niliifanya kuwa hasara. Pesa zilikuwa zile zile, na karo ile ile, lakini kutoa na kunyang'anywa havifanani.

La tatu nilisema, "Ni kitu cha zamani, bei yake ndogo." Hapa nilichanganya bei na thamani. Bei ni kile ambacho mtu mwingine yuko tayari kulipa leo. Mwaka 2009, kule Saudia, ulienea uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu ndani, kitu cha ajabu cha thamani kubwa. Watu wakaanza kuziuziana kwa maelfu mengi ya riyali. Haikuwapo zebaki yoyote, ulikuwa udanganyifu. Chuma kilikuwa kile kile, na sindano ile ile, lakini bei ilipanda kwa uongo na ikashuka ukweli ulipojulikana. Thamani haifanyi hivyo. Thamani ya cherehani ile ilikuwa mayai ya mama mkwe, na miaka kumi na mitano ya mikono ya mke wangu, na imani ya wazazi sita waliotanguliza pesa zao. Yule mwenye pikipiki hakulipia hata kimoja cha hivyo.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea. Hawakutaja bei ya nguo hizo. Walimwonyesha mshono, na katika mshono huo Petro alimwona mtu.

La nne ndilo la kina zaidi, na sikulitamka kwa sauti: "Baba yangu alifanya hivyo." Mzee wangu aliuza ng'ombe bila kumwambia mama, naye mama alipata habari kwa kuona kamba tupu. Sikumchukia baba kwa hilo. Nilidhani ndivyo nyumba inavyoendeshwa. Hili linanirudisha kwenye zile pateni.

PATENI YA ZAMANI HAIKATWI OVYO

Siku moja, muda mrefu baada ya mambo haya, nilimtazama mke wangu akitumia pateni ya lile rinda la kola. Nilidhani ataibandika tu kitambaani akate. Akacheka. Aliniambia pateni za dukani za zamani mara nyingi huwa na saizi moja tu ndani ya bahasha, na namba ya saizi ya wakati ule si namba ya leo. Ukikata kwa kuamini namba, nguo haimwingii mtoto. Kwa hiyo kwanza unampima mtoto mwenyewe: kifua, kiuno, mgongo kutoka shingoni. Kisha unanakili pateni juu ya gazeti, maana karatasi yenyewe ni nyembamba, ukiichoma pini mara nyingi inachanika. Halafu unaikata hiyo nakala katikati, unaitanua mahali panapobana, unabandika kipande cha karatasi kwenye pengo. Unaacha nafasi ya mshono. Ndipo unapochukua mkasi wa kitambaa.

"Kwa nini usiitupe utafute nyingine?" nikamwuliza.

"Kola yake ni nzuri," akasema. "Na mabega yamekaa vizuri. Ni kiuno tu kinachobana."

Wapendwa, sijasikia hotuba nzuri kuliko hiyo juu ya ndoa za wazazi wetu. Sisi sote tuliingia kwenye ndoa na pateni tuliyoiona nyumbani. Wengine wanasema ni takatifu, wanaikata kama ilivyo, kisha wanashangaa mbona inabana. Wengine wanaitupa yote, na uaminifu na uvumilivu wa wazee wetu vinaenda nayo. Fundi hafanyi hivyo. Baba yangu alinifundisha kuamka mapema, kutomwacha mke wakati wa ugonjwa na kulipa deni. Hayo ni mabega yaliyokaa vizuri. Kuuza bila kuuliza ndicho kiuno kinachobana. Na mwili wa kupima ni huu ulio mbele yangu, mke niliyemwoa mimi. Mama yangu aliishi na nyumba yake.

NA MWENZANGU JE?

Ningekuwa sitendi haki kama ningesema kosa lilikuwa la upande mmoja tu. Mke wangu mwenyewe ameniomba niandike sehemu hii.

Kwa nini sikujua kuhusu zile sketi sita? Kwanza, kwa sababu sikuwahi kumwuliza habari za kazi yake. Lakini pia kwa sababu yeye hakuniambia. Alikuwa na daftari dogo la wateja, akalificha ndani ya droo ya cherehani, chini ya nyuzi. Nilipomwuliza sababu alisema, "Ningekuonyesha ungepiga hesabu, na ungeshapiga hesabu zingekuwa pesa zako." Mimi nilidharau kazi yake, naye akaificha. Alipoificha, mimi nikazidi kuidharau, maana sikuijua. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi bila ugomvi, tukidhani tuna amani.

Kwa hiyo akina mama, nanyi nawaambia kwa heshima: anayesema "hii ni yangu, usiulize" hajafika mbali kuliko yule anayesema "hii ni yetu, sikuulizi." Wote wawili wanaogopa mazungumzo.

Fundi aliyekuja kututengenezea cherehani baadaye alitueleza jambo ambalo sitalisahau. Gunia la mbolea limeshonwa kwa mshono wa mnyororo. Ukiipata ncha sahihi ukaivuta, mdomo wote wa gunia unafunguka mara moja. Mshono wa cherehani ya nyumbani ni tofauti. Una nyuzi mbili, wa juu na wa chini, nazo zinakutana katikati ya kitambaa na kukamatana. Uzi mmoja ukikazwa mno, unalala umenyooka juu ya kitambaa na ule mwingine unapinda kuufuata. Kwa macho utaona kama mshono, lakini ukivuta kidogo unatoka. Dawa yake si kuulegeza uzi mmoja mpaka uishe nguvu. Ni kuirekebisha miwili mpaka ikutane katikati.

JE, HAKUNA WAKATI WA KUAMUA PEKE YAKO?

Upo. Mtoto akizidiwa usiku na mwenzako yuko safari, simu haipatikani, uza kinachouzika, mpeleke hospitali. Mwenzako akirudi, mwambie kabla hajaketi. Hakuna mke wala mume mwenye moyo wa nyama atakayekulaumu.

Lakini jihadhari, maana sote tunapenda kuyaita mambo yetu dharura. Nakupa kipimo kimoja, nilichokipata kwa gharama kubwa. Jiulize: je, nafanya hivi bila yeye kwa sababu nimeshindwa kumpata, au kwa sababu hayupo? Mimi nilimwambia mnunuzi arudi Jumatano. Karo ilikuwa na siku nane bado. Ningeweza kumwuliza mke wangu Jumatatu, au Jumanne, au usiku wowote kitandani. Nilichagua Jumatano kwa sababu ya soko. Mtu anayechagua siku ambayo mwenzake hayupo ameshajua jibu la mwenzake, naye ameamua kutolisikia.

Hapo, msomaji wangu, ndipo nilipokosa. Kosa langu halikuwa kutafuta karo, na pengine hata halikuwa kuuza. Lilikuwa ile Jumatano.

KUOMBA RADHI NA KUREJESHA

Niliomba msamaha, na mke wangu alinisamehe mapema kuliko nilivyostahili. Lakini nilijua kwamba aliyechukua lazima arejeshe, na neno "samahani" halishoni sketi. Cherehani yenyewe nisingeipata tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilichoweza ni kuanza upya, safari hii kwa kuuliza.

Nilimwuliza anataka cherehani ya namna gani. Nilidhani atataka nyeusi ya mkono kama ile. Alifikiri siku mbili akasema anataka ya kukanyaga kwa miguu, ili mikono yote miwili iongoze kitambaa. Tulipata Butterfly iliyotumika, tukakubaliana na mwenyewe kulipa kidogo kidogo. Desturi hiyo ya kulipia cherehani kwa awamu ni ya kale. Singer walianza kuuza hivyo mwaka 1856, kwa sababu familia nyingi zisingeweza kutoa bei yote mara moja. Sisi tulilipa kwa miezi kumi na mmoja. Nilipunguza matumizi yangu mwenyewe, sikugusa pesa za sketi.

Lile daftari sasa liko mezani. Jumapili jioni tunalifungua pamoja na daftari langu la shamba. Kuna wiki ambazo lake linalipita langu, na nimejifunza kufurahi. Kazi ya kutia mafuta ni yangu.

Hata hivyo nisiwadanganye. Msamaha haurudishi kitu. Binti yetu sasa ni mtu mzima. Juzi alikuja nyumbani akaziomba zile pateni za bibi yake, anataka kumshonea mtoto wa rafiki yake lile rinda la kola. Walitandika magazeti mezani, wakanakili, wakapima, wakatanua kiuno. Akitafuta kifungo ndani ya kopo, akatoa ufunguo mdogo wa chuma.

"Mama, huu ni wa nini?"

Mke wangu alinitazama kidogo. "Ni wa kile kifuniko cha cherehani ya bibi yako," akasema, akaurudisha ndani ya kopo.

Nilitoka nje nikaenda kuangalia ng'ombe, ingawa walikuwa wameshalishwa.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

Usiku huu, watoto wakishalala, zimeni redio na simu mjibizane kwa upole. Mmoja akiongea, mwingine asikilize mpaka mwisho.

1. Ni kitu gani nyumbani kwetu ambacho bei yake ni ndogo lakini kwako kina thamani kubwa? Je, mimi nilikuwa najua?

2. Ni kazi gani unayoifanya ambayo mimi huiita "tu"?

3. Ni jambo gani ambalo hunionyeshi kwa kuogopa nitalichukua?

4. Katika pateni ya ndoa tuliyoiona kwa wazazi wetu, mabega ni yapi na kiuno kinachobana ni kipi?

5. Je, kuna "Jumatano" yoyote ninayoipanga sasa hivi?

Kama swali la tano limekugusa, usisubiri toleo lijalo. Mwambie leo, kabla siku ya soko haijafika.